Kijana Anapotaka Kugombea Tena Serikali ya Wanafunzi

Wazazi wa Unguja na Pemba wenye watoto vyuoni Bara wamekuwa wakituuliza jambo hili: kijana alichaguliwa katika serikali ya wanafunzi, muda wake unamalizika, na sasa anataka kuchukua fomu tena. Je, inafaa? Na mzazi aliye mbali amwambie nini?

Umbali huo si jambo dogo. Chukua kijana aliyepangiwa chuo mkoani Mara, tuseme kile chuo kikuu kichanga cha kilimo na teknolojia chenye jina la Mwalimu Nyerere, huko Butiama. Akishuka boti Dar es Salaam bado ana safari ya basi ya zaidi ya kilomita 1,000, apite Mwanza na Bunda ndipo Musoma ikaribie. Mzazi hawezi kwenda kumwangalia Ijumaa akarudi Jumapili. Anabaki kutegemea simu, na kwenye simu mtoto husimulia yale anayotaka yasikike nyumbani.

Mara tumeitaja kwa makusudi, maana siasa za wanafunzi wa nchi hii zina mizizi huko. Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikuwa mwanafunzi wa Makerere kuanzia 1943 hadi 1945, na akiwa huko yeye na wenzake Andrew Tibandebage na Hamza Mwapachu walianzisha chama cha ustawi wa Waafrika wa Tanganyika. Walikuwa vijana wa chuo tu. Lakini Nyerere huyo huyo, akiwa Rais, Oktoba 1966 aliwafukuza karibu wanafunzi 400 walioandamana Dar es Salaam kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa. Julai 1971 rais wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mkenya Symonds Akivaga, alikamatwa na kurudishwa kwao. Novemba 1974 viongozi wa TANU walikutana Musoma na kupitisha Azimio la Musoma, ambalo pamoja na mengine lilitaka kijana afanye kazi kwanza na kupata sifa njema kazini kabla ya kuingia chuo kikuu. Na Machi 1978 wanafunzi walipoandamana kupinga nyongeza ya maslahi ya viongozi, zaidi ya 350 walifukuzwa na chama chao kikapigwa marufuku.

Kwa hiyo mzazi anayeogopa si mjinga. Anajua, au amesimuliwa, kwamba jina la kiongozi ndilo la kwanza kutafutwa mambo yakiharibika. Siku hizi hatari ya kila siku ni nyingine, na ni ndogo kwa macho: vikao vya usiku, wenzake wanaogonga mlango kwa sababu bumu limechelewa, vipindi vinavyokosekana, kisha sapu mbili, tatu, na mwisho kudisko. Mkopo wa Bodi bado utadaiwa hata kama shahada haikupatikana.

Sasa tuje kwenye hukumu yenyewe. Wapo wanaosema haifai kabisa Muislamu kuomba uongozi, na dalili yao ni hadithi ya Abdur-Rahman bin Samura, iliyopokewa na Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (S.A.W.) alimkataza kuuomba, na kumueleza kuwa anayepewa kwa kuomba huachiwa mzigo peke yake, na anayepewa bila ya kuomba husaidiwa. Upande mwengine kuna Nabii Yusuf (A.S.), ambaye katika aya ya 55 ya sura yenye jina lake aliomba mwenyewe asimamie hazina za Misri, akataja na sifa zake mbili: kulinda na kujua. Wanazuoni wengi wameziunganisha dalili hizi kwa kutazama nia na uwezo. Anayeutaka uongozi kwa ukubwa amekatazwa. Anayeona haki za watu zitapotea, naye ana uwezo wa kuzilinda, hana lawama.

Hapo ndipo kugombea mara ya pili kunapotofautiana na mara ya kwanza. Mara ya kwanza kijana anaahidi tu, hakuna cha kumpima. Mara ya pili kuna mwaka mzima wa kazi: ada za wanafunzi zilizopita mkononi mwake, safari alizolipiwa, malalamiko yaliyofika mezani. Tunaona mwenye hesabu zilizo wazi ana haki ya kugombea tena. Asiyeweza kuzionyesha, hata awe anapendwa vipi, amhurumie nafsi yake.

Lipo na suala la zawadi, na hili kwetu ndilo zito zaidi. Aliyeko madarakani hupewa vitu: fulana za bure, chakula cha wapambe, nauli kutoka kwa mwanasiasa wa nje anayetafuta vijana. Mtume (S.A.W.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya zaka. Aliporudi akagawa mafungu, hili lenu na hili nimezawadiwa. Mtume alipanda mimbari akahoji kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa wazazi wake aone kama zawadi hizo zingemfuata. Wakubwa pia wamefikishwa mahakamani kwa mambo ya aina hii. Uchaguzi wa ubunge wa Bunda wa mwaka 1995, baina ya Jaji Joseph Warioba na Stephen Wasira, ulifika hadi Mahakama ya Rufani, na hoja kubwa ilikuwa rushwa katika kampeni.

Ama idadi ya vipindi, kila chuo kina katiba yake ya wanafunzi na kijana aisome kabla ya kutangaza nia. Kenya waliliweka hili katika sheria. Aprili 2016 uchaguzi wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi ulizusha ghasia hadi chuo kikafungwa, na kabla ya mwaka kwisha sheria ya vyuo vikuu ikarekebishwa: kiongozi wa wanafunzi anakaa mwaka mmoja wa masomo, anaweza kurudi mara moja tu, basi.

Mzazi akipigiwa simu na kuombwa dua, aombe naye vitu viwili kabla hajaitikia: matokeo ya muhula uliopita, na nakala ya hesabu zilizosomwa mbele ya wanafunzi. Na kama katiba ya chuo inamtaka aachie nafasi kabla ya kuchukua fomu, barua itangulie, na funguo za ofisi, risiti na mhuri avikabidhi kwa maandishi mbele ya mashahidi.