Ya Hieron, ya Wasirakusa: kununua na kuuza sarafu za kale bila kuwa tajiri

Sarafu ya kwanza ya Kirumi niliyoishika mkononi iligharimu euro 12. Mkubwa wangu anayeishi Liège aliinunua kwa muuzaji wa vitu vya kale, akampa msafiri aliyekuwa anarudi Bukavu, nami nikaipokea ndani ya bahasha ndogo kama ile ya mbegu za nyanya. Ni kipande cha bronzi chenye upana wa milimita 17 hivi. Nilikuwa nimesoma Kilatini miaka yote ya sekondari, lakini daima katika vitabu vilivyochapwa juzi. Hapa nilikuwa na maneno yaliyopigwa kwenye metali na watu walioishi chini ya Kaisari mwenyewe.

Upande wa kichwa pameandikwa CONSTANTINVS IVN NOB C. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akipewa ufunguo ataifungua mara moja: Iunior, Nobilissimus, Caesar. Huyu ni Constantinus mdogo, mwana wa Constantinus Mkuu. Upande wa pili askari wawili wamesimama na bendera zao za kijeshi, na maandishi yanawazunguka: GLORIA EXERCITVS, utukufu wa jeshi. Angalieni hiyo exercitus. Ni ya kundi la nne, na kwa kuiandika tu hutajua kama ni kiima au ni milikishi. Ni maana inayoamua. Chini kabisa kuna TR, yaani Treveri, mji unaoitwa leo Trier, Ujerumani, na herufi ya karakana iliyoipiga. Aina hii yenye bendera mbili ilitolewa kati ya 330 na 335. Yote hayo kwa euro 12.

Wengi huniuliza kwa nini kitu cha miaka karibu 1 700 kinauzwa kwa bei ya shati la mtumba. Jibu ni kwamba umri peke yake hauleti bei. Sarafu hizi zilipigwa kwa mamilioni, na kwa kuwa hakukuwa na benki kama zetu, watu walizifukia ndani ya vyungu. Wengi hawakurudi kuzichukua. Bei inaletwa na uchache, metali, hali ya sarafu na jina la aliyechorwa juu yake. Dinari yenye sura ya Julius Caesar ni maelfu ya dola. Dinari ya Septimius Severus, Mwafrika wa Leptis Magna katika Libya ya leo, aliyetawala kuanzia 193 hadi 211, unaweza kuipata chini ya dola 100. Na bronzi za wana wa Constantinus, zile zilizosuguliwa kidogo, ni dola 10 hadi 30.

Kwa Wagiriki, anayeanza asikimbilie bundi wa Athene, ile sarafu nzito ya fedha ambayo kila mtu ameiona katika picha. Atafute bronzi ndogo za Sisilia. Hieron wa Pili, aliyetawala Syracuse katika karne ya tatu kabla ya Kristo, aliacha nyingi zenye kichwa cha Poseidon upande mmoja na mkuki wake wa meno matatu upande wa pili. Juu yake utasoma ΙΕΡΩΝΟΣ: “ya Hieron”. Nyingine za mji huo zina ΣΥΡΑΚΟΣΙΩΝ: “ya Wasirakusa”. Nomino haipo, nomino ni sarafu yenyewe iliyo mkononi mwako. Sisi tunaofundishwa a-unganifu tangu mwaka wa kwanza tunaielewa sarufi hiyo upesi kuliko mtu wa lugha nyingine.

(Majina yenyewe yalitufikia zamani. Denarius ilipita Kiarabu ikawa dinari, ile ya mshahara wa kutwa katika Mathayo. Drakma ikawa dirhamu. Na follis, bronzi ya Warumi wa mwisho, ikawa fulus kwa Waarabu, kisha fulusi katika Kiswahili cha pwani.)

Sasa nieleze nilivyopotea. Baada ya ile ya Trier nilikimbilia bundi. Muuzaji mmoja aliitangaza kwa dola 60, picha nzuri, maelezo mafupi. Nililipa. Ilipofika nilikwenda kwa mnunuzi wa dhahabu jirani yetu, kwa sababu mizani yake haidanganyi hata kwa punje. Ikatoka gramu 13,4. Bundi wa kweli huwa na gramu 17 na kidogo. Yule mzee aliigeuza, akanionyesha kwa ukucha mstari mwembamba unaozunguka ukingo wote: “Hii imemiminwa, mwanangu, haikupigwa.” Sarafu za kale ziliwekwa kati ya mihuri miwili na kupigwa nyundo, ya kughushi mara nyingi humiminwa katika kalibu yenye vipande viwili, na pale vinapokutana hubaki alama. Tazama pia vitundu vidogo vya hewa usoni, na herufi zenye kingo laini kama sabuni iliyotumika. Lakini wapo waghushi wanaopiga kwa mihuri. Carl Wilhelm Becker, Mjerumani aliyefariki 1830, alichonga mihuri ya hali ya juu hata sarafu zake zikawahadaa wakusanyaji.

Kwa hiyo pima kabla ya kupenda. Linganisha na orodha ya OCRE ya American Numismatic Society, ambayo inasomwa bure kwenye intaneti na kuonyesha sarafu za Kaisari mmoja baada ya mwingine. Nunua kwa mtu anayekubali kurudishiwa kitu chake, na anayeweza kusema kilitoka wapi.

Hilo la mwisho ndilo gumu. Siku moja niliandikiwa na mtu mwenye “kilo mbili ambazo hazijasafishwa”, bei ya kutupa. Nilipouliza zimetoka wapi, alijibu “shambani”, basi. Sisi wa Kivu tunajua gunia la madini lisilo na tiketi lina maana gani. Mwaka 2010, huko Frome, Uingereza, mtu mwenye mashine ya kutafutia metali aligundua chungu, akaacha kuchimba na kuwaita wataalamu. Walitoa sarafu 52 503 tabaka kwa tabaka. Nyingi kati ya zile za Carausius, za karibuni kuliko zote, hazikuwa juu bali katikati ya chungu kuelekea chini. Maana yake chungu hakikujazwa kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Kuna uwezekano mkubwa kilijazwa kwa mara moja. Laiti mtu angezimwaga kwenye mfuko, habari hiyo isingekuwapo. Sikununua zile kilo mbili. Mwenzangu mmoja anasema ni upumbavu, kwa kuwa zimekwisha kuchimbuliwa. Sikubaliani naye, maana anayelipa za leo ndiye anayetuma watu kuchimba za kesho.

Kuhusu kuuza, nitakuwa mfupi. Muuzaji wa duka atakupa karibu nusu ya bei atakayouzia, na minada hukata asilimia yake. Usisugue sarafu ili ing’ae: ile ngozi ya kijani ndiyo mnunuzi anayoitafuta. Tunza kila risiti.

Na useme ukweli. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu alipomwona bundi wangu alinipa dola 40 papo hapo, bila kuuliza lolote. Nilizipokea. Nilikaa nazo usiku mmoja, asubuhi nikamrudishia na kumweleza habari ya mizani. Alikasirika zaidi kwa usiku ule kuliko kwa sarafu yenyewe, na alikuwa na haki. Bundi yuko bado mezani kwangu, ndani ya bahasha iliyoandikwa kwa wino mwekundu: BANDIA, gramu 13,4.