Mkoa, jimbo na kura: Ngara na Biharamulo

Ngara na Biharamulo, wilaya za mkoa wa Kagera, kila moja ina mbunge wake. Mwaka 2021, baada ya kifo cha Rais John Magufuli, lilitolewa pendekezo la kuunda mkoa wa Chato, na wilaya hizo mbili zikatajwa kati ya zile ambazo zingeingizwa humo. Jambo hilo si dogo kwa wakazi: Bukoba, makao makuu ya Kagera, iko mbali, hasa kwa mtu wa Rusumo au Kabanga.

Hata hivyo, mpaka wa mkoa haumnyang'anyi mtu mbunge. Kwa ibara ya 2 ya Katiba ya Tanzania, Rais ndiye mwenye mamlaka ya kuigawa nchi katika mikoa na wilaya. Majimbo ya uchaguzi yana ibara yake, ya 75, na hugawanywa na Tume ya Uchaguzi kwa kibali cha Rais. Ushahidi uko jirani. Chato ilikuwa sehemu ya Biharamulo, na Magufuli aliingia bungeni mwaka 1995 kwa jimbo la Biharamulo Mashariki, ambalo baadaye liliitwa Chato. Mwaka 2012, Bunge likiwa katikati ya muhula, Chato ikahamishiwa mkoa mpya wa Geita. Mbunge akabaki yuleyule.

Marekani mambo ni tofauti, na wanaoumia ni watu wa mji mkuu wenyewe. Huko viti vya Bunge hutolewa kwa majimbo yanayounda muungano, na Washington, D.C., si jimbo. Wakazi wake, karibu 700,000, wanalipa kodi ya serikali kuu kama wenzao. Kura ya kumchagua rais waliipata mwaka 1961 kwa marekebisho ya Katiba. Katika Baraza la Wawakilishi wana mjumbe asiye na kura sheria zinapopitishwa. Katika Seneti hawana mtu. Muswada wa kuufanya mji huo jimbo ulipita katika Baraza hilo mwaka 2020 na 2021, ukakwama Seneti. Ni upungufu mzito kwa nchi inayojivunia kura.

Tanzania, kinyume chake, Dodoma, iliyoteuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, haikupoteza mbunge. Mwaka 2025 jimbo lake la mjini liligawanywa, likazaliwa la Mtumba, ulipo Mji wa Serikali.

Ngara au Biharamulo ikitaka mbunge wa pili, njia haipiti kwenye mkoa mpya. Hoja huanzia halmashauri, ikapita kamati za ushauri za wilaya na mkoa, ndipo ifike Tume, ambayo hupima idadi ya watu, hali ya kijiografia na njia za mawasiliano.