Gogo Lina Kwao

Mpingo ni mzito kuliko maji. Kitupe kipande chake ndani ya ndoo, kinazama moja kwa moja. Baba yangu, Mmakonde wa Newala, ndiye aliyenifundisha kuushika. Kwa tezo unaondoa ganda na ile sehemu nyeupe ya nje, kisha kinatokea kiini cheusi, kilekile ambacho Ulaya wanatengenezea klarineti na obo. Mti ulikatwa wapi, hatukuuliza. Magogo yalishushwa usiku hapa Mwenge, tunakochongea, tukalipa, basi.

Kilichonishtua ni unene. Zamani nilipata gogo la kuchonga ujamaa, sanamu ya watu kumi na watano waliobebana. Miaka ikapita, nikawa naletewa vijiti vyenye unene wa mkono wangu. Mpingo huchukua miaka 70 hata 100 kufikia kuvunwa. Nilikuwa nachonga watoto.

Nikapanda basi hadi Kilwa, nikauone mti wenyewe ukiwa msituni. Huko, mwaka 2009, vijiji vya Kikole na Kisangi viliingia chini ya cheti cha FSC, kinachothibitisha kwamba msitu unatunzwa ipasavyo. Mzee mmoja wa kamati ya maliasili aliuzungushia mti futi kamba, usawa wa kifua. Chini ya kipenyo cha sentimita 24 haukatwi. “Huu bado, mwanangu,” akaniambia, akaupapasa kama mgongo wa ng'ombe. Akanionyesha kisiki kilichochipua, na mti mwingine mnene, mzuri kwa nje, ndani shimo tupu. Moto wa kiangazi ulipitia jeraha dogo. Ndiyo maana wao huchoma nyasi mapema, zikiwa bado na unyevu, ili moto uwe mdogo.

Nilimuuliza kwa nini wanahangaika hivyo. Akashangaa. Tangu Sheria ya Misitu ya 2002, kijiji kinaweza kutenga msitu wake wa hifadhi, na fedha za mti zinaingia kijijini. Mkutano wa kijiji unaamua zifanye nini. Mwizi wa gogo anawaibia wao, wanamfahamu hata kwa sauti ya msumeno.

Sasa natazama kwenye gogo alama ya nyundo ya uvunaji halali, na kibali cha kusafirishia, kabla sijatoa pesa. Nalipa zaidi, kwa hiyo vipande vidogo sivitupi: vinakuwa vijiko na pete. Juzi kijana alileta magogo manne kwa bajaji, meusi, yamenyooka, hana karatasi yoyote. Niliyapima kwa kiganja. Hakuna lililofika sentimita 20. Nikamsaidia kuyapakia tena.