Mbao za Zamani Ndani ya Nyumba

Katika misitu ya Nachingwea na Ruangwa huota mninga na mpingo, miti ambayo maseremala huisifu sana. Miti hii hukua polepole. Apandaye leo huenda asiikate yeye, bali wajukuu wake. Kwa hiyo mbao za zamani zilizopigiliwa ukutani ni mali. Zikiharibika, si rahisi kupata nyingine mfano wake.

Watu wengi hudhani ya kuwa mbao huharibiwa na uzee. Sivyo. Adui zake ni watatu: maji, mchwa, na mikono isiyojua kazi.

Tuanze na maji. Wakati wa mvua mbao hunywa unyevu na kuvimba. Wakati wa kiangazi husinyaa, na nyufa huonekana. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta". Lakini ufa wa mbao si kama ufa wa ukuta. Ukiujaza wakati wa kiangazi, mbao zitakapovimba zitakosa nafasi, nazo zitapinda. Bali paa likivuja, na lizibwe mara moja.

Mchwa hupanda kutoka ardhini kwa vijia vya udongo. Hupenda sehemu nyeupe ya nje ya mti. Moyo wa mninga, ulio mgumu, huwashinda kwa muda mrefu. Basi kila juma tazama chini ya ukuta, ukagonge mbao kwa kidole. Zikilia kama kitu kitupu, huenda zimeliwa ndani. Yafaa kumwita fundi atafute njia waingiayo, kwa maana kuvunja vijia peke yake hakutoshi.

Mwisho ni mikono. Usimwage maji juu ya mbao, wala usizisugue kwa mchanga. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, ukifuata nyuzi za mti. Usipake mafuta ya karanga wala ya nazi. Hayo hayakauki, nayo hushika vumbi. Afadhali nta ya nyuki. Mtu mzima na aiyeyushe katika kopo lililowekwa ndani ya maji ya moto, kisha aitoe nje, mbali na moto, ndipo atie mafuta ya tapentaini, kwani huwaka upesi. Ikipoa, pakeni kidogo mahali pasipoonekana. Ikipendeza, endeleeni, kisha ng'arisheni kwa kitambaa safi.

Lakini kumbukeni, nta haiponyi mbao zinazolowa kila mvua. Tengenezeni paa kwanza, ndipo mpake nta.