Begi la kamera hupimwa mgongoni

Anayeingia dukani kutafuta begi la kamera la kubeba mgongoni huulizwa kwanza anataka la lita ngapi. Swali la maana zaidi ni hili: vifaa vyako vina uzito gani, na vitakaa mgongoni kwa saa ngapi? Lita hupima nafasi. Maumivu ya mabega saa nane mchana, jua la Mji Mkongwe likiwa utosini, hayapimwi kwa lita.

Tupige hesabu. Bodi ya kamera yenye sensa kubwa ina gramu kama 700. Lenzi ya milimita 24 hadi 70 ya f/2.8 hukaribia gramu 800 au 900, na ile ya 70 hadi 200 ya daraja hilohilo huanzia kilo moja hadi moja na nusu. Weka betri, chaja, sweta na lita moja ya maji, ambayo peke yake ni kilo nzima, na umeshafika kilo tano. Begi lenyewe, likiwa na spanji nene ya kuzuia mishtuko, huwa na kilo moja na nusu hadi mbili kabla hujatia kitu. Karibu robo ya mzigo wako, basi, ni begi.

Mzigo huo haufai kuning'inia mabegani. Unatakiwa kukaa kwenye nyonga. Ndiyo maana ninasisitiza mkanda wa kiunoni ulio mpana na wenye spanji. Ule mkanda mwembamba unaoshonwa kwenye mabegi mengi huzuia begi lisiyumbe tu, haubebi chochote. Inamisha kichwa, upapase mfupa unaotokeza nyuma ya shingo, kisha weka mikono juu ya mifupa ya nyonga. Umbali kati ya sehemu hizo mbili ndio urefu wa mgongo wako, na huo ndio unaoamua, si kimo chako chote. Ukivaa begi na mkanda ukaangukia tumboni au juu ya makalio, halikuhusu, hata liwe zuri namna gani. Wakati wa kulivaa, funga kiuno kwanza, ndipo ukaze kamba za mabegani, na ile ya kifuani uimalizie. Wengi huanza na mabega, na mkanda wa kiunoni unabaki kuwa pambo.

Baada ya mgongo, tazama mlango. Mabegi mengi ya zamani hufunguka upande wa nje. Ukitaka lenzi, unalilaza begi chali, yaani upande wa kamba ndio unaogusa tope au vumbi, halafu unalivaa tena na uchafu wote ukahamia kwenye shati. Begi linalofunguka upande wa mgongoni hulazwa kifudifudi, kamba zikabaki safi. Faida kubwa zaidi ni kwenye daladala iliyojaa au kwenye foleni ya boti: aliyesimama nyuma yako hana zipu ya kuifungua. Kasoro yake ni kwamba hulifungui bila kulivua. Kwa sababu hiyo mlango mdogo wa ubavuni, unaokuruhusu kulizungusha begi kwa bega moja na kuchomoa kamera, ni msaada mkubwa kwa anayepiga picha za mitaani. Ila uwe na klipu ya kuufunga juu ya zipu, kwa kuwa njia inayokurahisishia wewe humrahisishia na mwizi.

Zipu yenyewe ndiyo hufa kwanza. Vumbi laini la Tsavo au la nyanda za Serengeti huingia kwenye meno, na kila ukivuta linasaga kama msasa. Dukani, ivute zipu kwa kidole kimoja hadi kwenye kona, mahali inapopinda. Ikikwama pale begi likiwa tupu, likijaa itapasuka. Nyumbani, isugue kwa mswaki mkavu kila baada ya safari.

Mvua nayo ina hila. Kava ya mvua hufunika upande wa nje tu, lakini maji yanayotiririka kutoka shingoni hushuka kati ya mgongo na begi, palepale penye mlango niliousifu. Zamani mtu angefunga kamera kwenye mfuko wa plastiki. Kenya ilipiga marufuku mifuko hiyo tarehe 28 Agosti 2017, Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Nunua mfuko mwepesi wa nailoni isiyopitisha maji, ule unaokunjwa mdomo, uutumbukize ndani ya begi.

Kwa sisi tunaoishi pwani, adui mkubwa kuliko mvua ni unyevu wa hewa. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi na kuichomoa kamera papo hapo, kioo hufunikwa na mvuke. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa muda wa nusu saa. Begi lililofungwa huizuia hewa yenye unyevu isikifikie kioo kikiwa bado baridi, hivyo mvuke haupati pa kutua. Ila ukirudi nyumbani, fanya kinyume: toa vifaa vyote na uliache begi wazi mahali penye hewa. Begi lenye jasho likifungiwa kabatini huotesha kuvu, na kuvu ikishaingia kwenye lenzi hula hata utando uliopakwa juu ya kioo.

Kwa ndege kuna masharti. Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini. Hubebwa na abiria mwenyewe, na kiwango cha kawaida ni wati-saa 100 kwa kila moja. Betri ya kamera huwa na kama 16, kwa hiyo huna shida, mradi uziweke zote kwenye kifuko kimoja unachoweza kukichomoa haraka endapo mhudumu atalichukua begi mlangoni mwa ndege. Mashirika kadhaa makubwa hukomea kilo 7 za mzigo wa mkononi. Ndege ndogo za kwenda mbugani kawaida huruhusu kilo 15 kwa abiria, mizigo yote pamoja, na hutaka mabegi laini. Begi lenye fremu ngumu au magurudumu litakuletea mgogoro uwanjani.

Kwa matembezi ya siku moja, lita 15 hadi 20 zinatosha. Kwa safari, lita 25 hadi 30. Zaidi ya hapo utajaza vitu usivyovihitaji, na mgongo ndio utakaolipa.

Wala usidharau mitumba. Kwenye soko la Gikomba huibuka mabegi mazuri kwa bei ya mwananchi. Ingiza mkono ndani na upapase kitambaa: kikinata kama gundi, utando wake wa kuzuia maji umeshaoza na hautengenezeki, liache. Kikiwa kikavu na zipu zinateleza, toa vifaa vyako mwenyewe, ulijaze, ulivae, utembee nalo robo saa kati ya vibanda kabla ya kulipa. Muuzaji asiyekubali jambo hilo, mwache na begi lake.