Mkato mmoja haubebi sentensi mbili

WATUMIAJI wengi wa Kiswahili, wawe wanafunzi, makarani au watu wanaoandikiana ujumbe wa simu, huutumia mkato, ambao wengine huuita koma, kana kwamba ni alama ya kila kazi. Wazo moja linapokwisha na jingine kuanza, huweka mkato na kuendelea. Kosa hilo huonekana dogo, lakini laweza kumfanya msomaji atende kinyume cha alivyoagizwa.

Tuchukue mfano wa maagizo ambayo mzazi aweza kuandikiwa: "Usimpe mtoto dawa, akitapika, mlete hospitali." Maneno yote ni sahihi na tahajia haina dosari. Hata hivyo, maagizo hayo yana maana mbili. Maana ya kwanza ni kwamba mtoto asipewe dawa kabisa, na endapo atatapika aletwe hospitali. Ya pili ni kwamba asipewe dawa iwapo anatapika, bali aletwe hospitali. Asipotapika, dawa yaweza kutolewa. Mzazi mmoja ataiacha dawa kabatini, mwingine atamnywesha mtoto, na wote wawili watasema wamefuata maandishi.

Chanzo cha utata huo ni neno "akitapika". Hicho ni kishazi tegemezi, yaani fungu la maneno lenye kitenzi lakini lisilojitosheleza kimaana. Pande zake mbili kuna vishazi huru, "usimpe mtoto dawa" na "mlete hospitali", ambavyo kila kimoja chaweza kusimama peke yake kama sentensi. Kishazi tegemezi kikikaa katikati ya vishazi huru viwili, chaweza kuegemea upande wowote. Mikato miwili haimsaidii msomaji kujua ni upande upi, kwa kuwa alama ni ileile kushoto na kulia.

Dawa yake ni kuweka alama yenye nguvu zaidi mahali ambapo wazo la kwanza linakwisha. Akiandika "Usimpe mtoto dawa; akitapika, mlete hospitali", mwandishi amekataza dawa moja kwa moja. Akiandika "Usimpe mtoto dawa akitapika; mlete hospitali", amekataza dawa kwa sharti. Maneno hayakubadilika, kilichohama ni nukta-mkato tu.

Maneno yanayotaja wakati nayo huleta mashaka hayohayo. Ujumbe usemao "Hatutakuja kesho tutatuma fedha" humwacha mwenyeji njia panda. "Hatutakuja, kesho tutatuma fedha" humweleza siku ya kupokea fedha. "Hatutakuja kesho, tutatuma fedha" humweleza siku ambayo wageni hawatafika, wala hakumwahidi siku ya fedha.

Kiswahili kina sababu ya pekee ya kuhitaji uangalifu huu. Kitenzi chake hubeba kiambishi cha nafsi na cha wakati, hata neno moja kama "tumefika" likawa sentensi kamili. Kwa hiyo sentensi mbili au tatu zaweza kubanana katika mstari mmoja bila mwandishi kutambua. Katika mazungumzo, sauti hupanda, hushuka na kutua, na msikilizaji huelewa. Katika maandishi, kazi hiyo hufanywa na alama.

Alama hizo zina historia yake. Kwa karne kadhaa Kiswahili kiliandikwa kwa hati za Kiarabu, na mikato na nukta tunazozitumia leo zilienea pamoja na hati za Kirumi. Nukta-mkato yenyewe ilianza kuonekana katika vitabu vilivyopigwa chapa huko Venice, Italia, mwishoni mwa karne ya 15, katika karakana ya mchapishaji Aldus Manutius. Ilikusudiwa kuonyesha kituo kirefu kuliko mkato, lakini kifupi kuliko nukta.

Mwandishi anayetaka kuweka pamoja vishazi huru viwili ana njia nne. Kwanza, aweza kuvitenga kwa nukta, vikawa sentensi mbili. Pili, aweza kutumia nukta-mkato iwapo mawazo yanahusiana kwa karibu: "Mvua imechelewa; mahindi yamekauka." Tatu, aweza kutumia nuktambili iwapo kishazi cha pili kinaeleza cha kwanza: "Safari imeahirishwa: daraja limekatika." Nne, aweza kutumia kiunganishi, na hapo mkato hutosha: "Tulimsubiri hadi jioni, lakini hakutokea." Vishazi vikiwa vifupi na vikaunganishwa kwa "na", mkato hauhitajiki: "Baba analima na mama anapalilia."

Mafungu kama "hata hivyo" na "kwa sababu hiyo" yanahitaji tahadhari. Katika "Mazao yaliuzwa, hata hivyo, wakulima hawakulipwa", ni vigumu kuona mara moja wazo la pili linaanzia wapi. Ni bora kuandika: "Mazao yaliuzwa; hata hivyo, wakulima hawakulipwa."

Hii haina maana kwamba mkato haukubaliki kamwe kati ya vishazi visivyo na kiunganishi. Kiambishi "-ka-" chenyewe huunganisha matukio, ndiyo maana "Alifika, akaketi, akaanza kuandika" ni sentensi safi. Vivyo hivyo, vishazi vifupi vinavyolingana huweza kufuatana kwa mikato, kama katika methali isemayo "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo." Hapo hakuna neno katikati linaloweza kuegemea pande mbili.

Kipimo cha kutumia ni chepesi. Kabla ya kuweka mkato, soma upande wa kushoto peke yake, kisha wa kulia peke yake. Ikiwa kila upande unajitosheleza na hakuna kiunganishi kati yake, jiulize kama nukta au nukta-mkato haifai zaidi. Kisha tazama neno lililo mpakani. Likiweza kuungana na upande wowote, usimwachie msomaji aamue, hasa pale maandishi yanapohusu dawa, fedha au mkataba.