Pepopunda na Wajumbe wa Mishipa ya Fahamu

Mtu atakapo kuinua jembe, ubongo hupeleka amri mkononi kwa njia ya mishipa ya fahamu. Mishipa hiyo imefanywa kwa chembe ndogo mno, nazo hazigusani: kati ya moja na nyingine pana mwanya usioonekana kwa macho. Amri ifikapo ukingoni, chembe humtoa mjumbe, yaani kemikali, naye huuvuka mwanya na kuipasha habari chembe ya pili.

Wajumbe ni wa namna mbili: wengine husema "kaza", wengine "tulia". Vijidudu vya pepopunda, vikaavyo udongoni na katika samadi, huingia jerahani na kutoa sumu. Sumu hiyo hupanda kwa mishipa hadi uti wa mgongo, ikawazuia wajumbe wa "tulia" wasitoke. Basi misuli hukaza bila kupumzika, taya hufunga, na mgonjwa aweza kufa kwa kukosa pumzi.

Sumu ikiisha kuingia ndani ya chembe, hakuna dawa ya kuitoa. Kinga ndiyo bora: chanjo kwa wote, hasa mama mjamzito, wembe safi wa kukatia kitovu cha mtoto, na kila jeraha lioshwe vema.